Nimefuta Video Yangu ya Angkor, na Sababu Ndio Hii

Wadau, mmekuwa mkinitumia meseji kuuliza ile video ya Angkor ilienda wapi. Hakuna mtu aliiripoti, na akaunti haikudukuliwa. Niliifuta mwenyewe, saa tano usiku, nikijua kabisa ndio ilikuwa imetazamwa kuliko zote nimewahi kuweka. Ilikuwa inaitwa "Mji Uliopotea Msituni". Shida yote iko kwa hayo maneno matatu, na leo nataka tugombane kidogo juu yake, kwa sababu najua wengi wenu bado mnayatumia.

Wacha nianze na vile nilifika huko. Niliweka akiba karibu miaka miwili, nikachukua likizo, nikaenda Kambodia. Mji ulio karibu na magofu unaitwa Siem Reap. Tiketi ya siku moja ilikuwa dola 37, ya siku tatu dola 62, na Wakambodia wenyewe wanaingia bure. Nikachukua ya siku tatu. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimesimama kando ya bwawa mbele ya Angkor Wat, simu juu, katikati ya mamia ya watu wengine simu juu, tukingoja jua litoke nyuma ya ile minara mitano. Jua likatoka. Nikarekodi. Na kichwa cha video nikakiandika hapo hapo, kabla hata sijaingia ndani. Yaani hadithi nilikuwa nayo mfukoni tangu Nairobi. Nilienda tu kutafuta picha za kuipamba.

Aliyeniamsha ni dereva wa tuktuk aliyenizungusha. Amenizidi umri sana, na huko mtu aliyekuzidi unamwita bong, kama vile sisi tungesema kaka. Siku ya pili tukinywa madafu kando ya barabara nikamwonyesha video, nikidhani atafurahi. Akauliza hayo maandishi yanasema nini. Nikamtafsiria. Akanyamaza, halafu akasema, "Ndugu yangu, ulipotea kwa nani? Nyanya yangu alikuwa anakuja hapa kuwasha ubani kila Mwaka Mpya."

Hakuwa amekasirika. Aliuliza tu, vile mzee huuliza mtoto aliyesema kitu cha ovyo mbele ya wageni. Mimi nikabaki nimeshika dafu kama mjinga.

Usiku huo nikakaa chini kusoma, kitu ambacho ningefanya kabla ya kupanda ndege. Na haya ndio nilipata.

Angkor Wat ilijengwa karne ya 12, enzi za mfalme Suryavarman II, kama hekalu la Vishnu. Baadaye ikageuka hekalu la Kibuddha, na mpaka leo utakutana na watawa huko ndani na nguo zao za rangi ya machungwa. Mwaka 1431 jeshi la Ayutthaya liliuteka mji, na wafalme wakahamia kusini. Mahekalu mengine yakamezwa na miti, hiyo sikatai. Lakini Angkor Wat haikuachwa. Mjapani mmoja alikuja kuhiji mwaka 1632, akaacha maandishi yake kwenye nguzo. Mtawa Mreno, António da Madalena, alikuwa ameshafika 1586. Na kabla ya hao wote, mwaka 1296, mjumbe wa Uchina anayeitwa Zhou Daguan aliishi hapo karibu mwaka mzima, akaandika kuhusu nyumba, sherehe, na vile biashara ya sokoni ilikuwa mikononi mwa wanawake.

Sasa niambie. Mji ambao Mchina ameuandika, Mreno ameutembelea, Mjapani amesali ndani yake, na wenyeji hawajaacha kuwasha ubani, umepotea vipi?

Umepotea kwa sababu mwaka 1860 alifika Mfaransa, Henri Mouhot. Alikufa mwaka uliofuata huko Laos, maandishi yake yakachapishwa Ulaya, na watu wakaanza kusema ameugundua. Hata padri wa kwao, Bouillevaux, alikuwa ameshapita hapo miaka kumi kabla yake! Halafu mwaka 1863 Ufaransa ikaiweka Kambodia chini ya "ulinzi" wake. Mnaona vile inaenda? Kwanza unasema kitu kimepotea. Ukishasema hivyo, anayekiokota anaonekana mwema, na hakuna anayeuliza mwenyewe alikuwa wapi.

Kama unadhani nazidisha, msome André Malraux. Mwaka 1923, akiwa kijana wa miaka 22, alienda hekalu la Banteay Srei akakata sanamu kutoka ukutani ili akaziuze. Alikamatwa Phnom Penh na hizo sanamu. Unajua baadaye alikuwa nani? Waziri wa Utamaduni wa Ufaransa. Sijatunga.

Na nyinyi wa "hii ilijengwa na viumbe kutoka sayari nyingine", msidhani nimewasahau. Kwenye hekalu la Ta Prohm, lile lenye mizizi ambalo kila mtu anapiga picha kwa sababu ya filamu ya Tomb Raider, kulikuwa na jiwe lenye maandishi ya tangu 1186. Linahesabu watu waliokuwa wakiishi ndani ya hekalu hilo: 12,640. Linataja hadi hospitali 102 katika ufalme. Mfalme Jayavarman VII alilijenga kwa heshima ya mamake. Mawe yalitoka milima ya Kulen. Na ziwa la kutengenezwa na watu linaloitwa Baray ya Magharibi lina urefu wa karibu kilomita 8, na maji yamo mpaka leo. Hayo ni majembe, migongo na hesabu za watu. Mbona hakuna anayeuliza kama kanisa kuu la Paris lilijengwa na viumbe kutoka angani? Hilo swali huulizwa tu mahali ambapo waliojenga wanafanana na dereva wangu. Ama na mimi.

Najua kuna mtu anaandika saa hii: bro, tulia, ni kichwa cha video tu. Sawa. Hiyo hoja hata mimi niliitumia kujitetea usiku ule. Lakini kuna kitu kilinifanya nishindwe.

Eneo la Angkor lina vijiji ndani yake. Watu wamelima mpunga hapo vizazi kwa vizazi. Tangu 2022, karibu familia 10,000 zimekuwa zikihamishwa kutoka humo, wengi kupelekwa mahali panaitwa Run Ta Ek. Serikali inasema wanahama kwa hiari, na kwamba nyumba zisizo halali zinahatarisha urithi wa dunia. Amnesty International, kwenye ripoti yao ya 2023, walisema huko ni kufurusha watu kwa nguvu. Sisemi video yangu ilimhamisha mtu. Nasema hivi: picha niliyouza ni ya mawe, miti na ukungu, bila binadamu. Nilingoja dakika ishirini mama muuza maji apite ndio nirekodi "vizuri". Mgeni akizoea hiyo picha, mama muuza maji anakuwa uchafu kwenye fremu. Na uchafu dawa yake ni kufagiwa.

Hapo ndio nilijiuliza kama ni Kambodia pekee. Si pekee. Nyumbani tuko na Gede, hapo karibu na Watamu. Nimewahi kuweka video yake pia, na mnajua niliiita nini? "Mji uliopotea wa Kenya." Manze, niliona aibu. Gede ina msikiti mkuu, ikulu, na kaburi lenye tarehe ya Hijria inayolingana na 1399. Vyombo vya kaure kutoka Uchina vilipatikana hapo. James Kirkman alianza kuchimba 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Lakini Wagiriama wanaoishi jirani hawakungoja Kirkman. Walipajua, walipaheshimu, na kuna waliopeleka sadaka kwa sababu ya roho za wazee wa pale. Kwenye video yangu ya dakika nane, Mgiriama hata mmoja hakuongea. Droni iliongea.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi: kwamba hayo maneno yanavuta watalii, na watalii wanalisha watu kama yule dereva. Ni kweli, alilipwa kwa sababu nilienda. Lakini yeye mwenyewe hakuniambia nisije. Aliniambia niseme vizuri. Na ukweli si kwamba hauuzi. Mfalme anajengea mamake hekalu lenye watu elfu kumi na mbili, hiyo si hadithi tamu kuliko "msitu wa ajabu"? Tumezoea tu ile rahisi, kwa sababu haituhitaji tumuulize mtu yeyote.

Kwa hivyo hii ndio naomba, na najiomba kwanza. Kabla ya kurekodi gofu lolote, tafuta mtu mmoja anayeishi karibu, umuulize wao hupaitaje na huja kufanya nini. Akikubali, mweke kwenye video. Asipokubali, andika alichosema. Usingoje mama wa maji apite. Na ukisikia kidole kinataka kuandika "uliopotea", malizia sentensi: uliopotea kwa nani? Ukikosa jibu, futa.

Mimi nimefuta. Pesa ya hiyo video imeenda, na siwadanganyi, inauma, bado nadaiwa ya tiketi ya ndege. Siku ya tatu nilirudi Angkor Wat bila kurekodi kitu. Bong aliegesha tuktuk, akaniambia nimngoje, akavua viatu, akaingia na vijiti vitatu vya ubani. Alitoka baada ya robo saa. Nilikuwa na maswali mengi, lakini nilimuuliza moja tu, kama naweza kuandika haya.

Akasema niandike. Ya Gede nimeifuta pia, na mwezi ujao narudi huko bila droni.