Usimfichie mtu tembe

Wasee, hii niliikosea mimi mwenyewe, so wacha niwaambie.

Mamangu ana shida ya miguu kutotulia. Akilala tu, anahisi kama siafu wanatembea ndani ya miguu, hadi ainuke azunguke nyumba. Daktari alimwandikia tramadol, na kusema ukweli ilimsaidia. Miezi ilipopita nikasoma kwamba hiyo dawa iko kwa familia moja na mofini. Nikashtuka. Nikamfichia tembe zote siku hiyo hiyo.

Kesho yake jasho, kuhara, usingizi hakuna. Miguu nayo ikawa mbaya kuliko mwanzo. Nikamwambia, "Mum, si unaona umekuwa teja?" Alinyamaza tu. Hilo neno linaniuma mpaka leo.

Mwili ukizoea tramadol kisha uikate ghafla, unagoma, na miguu kukosa utulivu ni moja ya dalili za huo mgomo. Si tabia mbaya. Dawa hupunguzwa polepole, daktari akifuatilia. Daktari wa pili alimpima pia akiba ya madini ya chuma, maana yakipungua miguu husumbua zaidi. Yake yalikuwa chini.

Kwa maoni yangu, anayekuandikia dawa kama hii akuandikie pia njia ya kutoka. Muulize siku ya kwanza: "Nikitaka kuacha, naanzia wapi?"

Na kama mgonjwa ni wa kwenu, usijifanye askari. Msindikize kwa daktari.