Mti mkubwa usioweza kuzaa peke yake

Asili ya mkorosho ni Brazil. Wareno ndio waliotuletea Pwani karne nyingi zilizopita, nao ukazoea mashamba yetu. Lakini huko Brazil kuna mti mwingine wa njugu ambao haujazoea maisha ya shambani. Wenyeji huuita castanheira, na wataalamu wa mimea huuita Bertholletia excelsa. Mbegu zake ndizo zinazouzwa madukani kwa jina la njugu za Brazil.

Mti huu humea katika msitu wa Amazon, nchini Brazil, Bolivia, Peru na nchi jirani. Hurefuka hadi mita 50, na shina lake hunyooka bila tawi hadi karibu na kilele. Jani moja laweza kufika sentimita 35. Maua yake ni ya rangi ya maziwa, yenye petali 6, na katikati yamefunikwa na kofia iliyojikunja. Nyuki mdogo haingii hapo ng'o! Ni nyuki wakubwa wa msituni wenye nguvu ya kuiinua kofia hiyo.

Tunda huchukua zaidi ya mwaka mmoja kukomaa. Ni la mviringo, gumu kama kifuu cha nazi, na laweza kufikia uzani wa kilo 2. Likimwangukia mtu kichwani laweza kumuua. Ndani mna mbegu kati ya 10 na 25, zimepangana kama vipande vya chungwa.

Watu hulipasua kwa panga. Msituni kazi hiyo hufanywa na aguti, mnyama wa jamii ya panya mwenye ukubwa wa sungura. Hula baadhi ya mbegu na kuzifukia nyingine ziwe akiba. Zile anazozisahau ndizo huota.

Mwaka wa 1994 serikali ya Brazil ilipiga marufuku ukataji wa miti hii. Wafugaji wengi wakaiacha imesimama, lakini wakafyeka msitu wote ulioizunguka ili kupata malisho ya ng'ombe. Nyuki wakatoweka, aguti naye akakosa pa kujificha. Leo miti hiyo imesimama malishoni kama wazee waliofiwa na ukoo mzima: huzaa kidogo sana au haizai kabisa.

Hata pale msitu ulipobaki, tamaa ina madhara. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba mahali ambapo njugu zimeokotwa kwa wingi kwa miaka mingi, miche michanga ni haba. Aguti haachiwi chochote cha kufukia.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sheria ililinda mti, ikawasahau majirani zake. Basi utakapoambiwa kwamba mti fulani umehifadhiwa, uliza pia: nyuki wake wako wapi, na ni nani atakayezifukia mbegu zake?