Kipupwe hiki, shabiki apande baiskeli

Ligi imeisha, usajili umepamba moto na vijiwe vya Mbagala, Tandika na Sinza vimejaa makocha. Wote wanamjua mchezaji asiye na pumzi ya dakika 90. Ila mwambie mmoja wao apande ngazi za daraja la waenda kwa miguu, utamkuta kashika kiuno!

Dawa ipo. Julai Dar inapoa, alfajiri joto hushuka hadi karibu nyuzi 19. Baiskeli iliyokuwa adhabu kwenye jua la Januari sasa ni raha. Anayetoka Mbagala asubuhi na sweta lake, baridi itamchoma masikio mpaka Mtoni. Akifika Uwanja wa Mkapa sweta liko kiunoni, mwili umechangamka na chai ya kibandani ni tamu kuliko siku zote.

Kikwazo si baridi, ni barabara. Njia za baiskeli kando ya mwendokasi, Barabara ya Morogoro, sehemu nyingi zimevamiwa na bodaboda na meza za wachuuzi. Hapo manispaa zipulize filimbi, zitoe na kadi. Pumzi isiwe ya wachezaji 11 tu wakati jukwaa zima linahema.