Ajali za bodaboda Pwani: Mfupa huungwa, mguu je?

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

BARABARA inayotoka Mwenge hadi Bagamoyo, ikipita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga, ndiyo mshipa wa uchumi wa mwambao huu wa kaskazini mwa Dar es Salaam. Humo hupita samaki, chumvi, wanafunzi, watalii na abiria wa daladala. Kando yake, karibu katika kila kituo, zimepangwa pikipiki zinazosubiri abiria wa kwenda ndani, kwenye mashamba na viwanja vipya.

Tangu mwaka 2010, Serikali ilipotunga kanuni za leseni kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria, biashara ya bodaboda imewapa kazi vijana wengi ambao kilimo na uvuvi visingewatosha. Biashara hiyo hiyo imewaletea madaktari wa mifupa mgonjwa wanayemfahamu mno: kijana mwenye nguvu, anayetegemewa na familia, aliyeumia kuanzia goti kwenda chini.

Mjadala kuhusu ajali hizi kwa miaka yote umezunguka katika mambo mawili, yaani idadi ya vifo na uvaaji wa kofia ngumu. Ni haki kuyajadili, kwani kofia huokoa maisha. Hata hivyo kofia haikingi muundi, na katika hesabu za ajali yule aliyenusurika huandikwa "majeruhi" na habari yake ikaishia hapo. Kwake yeye ndiyo kwanza inaanza, na inaweza kuchukua mwaka mzima.

Sababu ya mguu kuumia namna hii inaeleweka kwa urahisi. Katika pikipiki, goti na muundi wa dereva na wa abiria wake ndivyo vilivyo nje kabisa, bila bati wala mlango wa kuvikinga. Gari likipitiliza kidogo wakati wa kulipita lingine, mguu ndio unaoguswa kwanza. Pikipiki ikianguka ubavu, mguu ndio unaobaki chini ya injini.

Aidha, mfupa wa muundi una udhaifu wake wa kimaumbile. Upande wake wa mbele hauna nyama. Kati ya mfupa na hewa kuna ngozi tu, jambo ambalo kila aliyewahi kujigonga kwenye kona ya kitanda analifahamu. Kwa hiyo ukivunjika kwa kishindo hutoboa ngozi kwa urahisi, na vumbi la barabarani huingia hadi kwenye mfupa. Tena sehemu yake ya chini haipati damu nyingi, na mfupa usiopata damu ya kutosha huchelewa kuunga. Wakati mkono unaweza kuunga kwa wiki sita, muundi huhitaji miezi minne hadi sita, na uliotoboa ngozi huweza kupita hapo.

Ndiyo maana saa za mwanzo zina uzito mkubwa. Wananchi wa kandokando ya barabara ni wepesi wa kusaidia, na hilo ni la kuwapongeza, lakini mara nyingi majeruhi hupakiwa mshikaki kwenye pikipiki nyingine, mguu ukining'inia na mfupa ukiendelea kukata nyama kwa ndani. Ubao mmoja au fito mbili zilizofungwa kwa kanga, zikapita juu ya goti na chini ya kifundo, zingetosha kuutuliza mguu huo. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi. Mfupa uliochomoza usisukumwe ndani.

Jambo la pili ni dawa. Wataalamu wa mifupa duniani wanakubaliana kwamba mgonjwa mwenye mfupa uliotoboa ngozi apewe dawa ya kuua bakteria mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja, pamoja na kinga ya pepopunda. Sindano hizo hazihitaji daktari bingwa wala chumba cha upasuaji. Muuguzi wa zahanati anaweza kuzitoa kabla ya kuandika barua ya rufaa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hapa ndipo penye faida kubwa kwa gharama ndogo kuliko mahali pengine popote katika safari yote ya mgonjwa, kwa sababu kutoka Bagamoyo hadi Muhimbili ni takribani kilomita 70, na foleni ya kuanzia Tegeta haimjali mgonjwa. Mfupa usiopewa dawa mpaka ufike mjini unafika ukiwa katika hatari kubwa zaidi ya kuoza.

Ipo pia hatari isiyoonekana kwa macho. Mguu uliopondeka, hata kama ngozi haikuchanika, huweza kuvimba ndani ya mifuko ya misuli hadi damu ikashindwa kupita. Dalili yake ni maumivu yanayozidi kipimo cha jeraha lenyewe, shavu la mguu kuwa gumu kama ubao, na kilio pale vidole vinaponyooshwa. Misuli huanza kufa ndani ya saa chache, na tiba pekee ni kupasuliwa haraka. Mgonjwa wa aina hii akiambiwa avumilie hadi asubuhi, asubuhi huenda ikamkuta hana mguu wa kutibu.

Kwa upande wa upasuaji, nchi imepiga hatua kubwa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, ni miongoni mwa vituo vinavyotajwa sana katika utafiti wa mifupa barani Afrika. Madaktari wake, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha mwaka 2020 matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa zaidi ya 200 waliovunjika muundi kwa kutoboa ngozi. Walilinganisha njia mbili: kupitisha msumari mrefu wa chuma ndani ya mfupa, na kuushikilia mfupa kwa vyuma vinavyotokeza nje ya ngozi.

Baada ya mwaka mmoja, tofauti katika vifo na katika kurudi chumba cha upasuaji haikuwa kubwa kiasi cha kutangaza mshindi. Hata hivyo waliowekewa msumari walikuwa na hali bora ya maisha katika wiki za mwanzo, na mifupa yao iliunga ikiwa imenyooka zaidi. Kwa mtu anayelipwa kwa siku, wiki hizo za mwanzo si jambo dogo.

Msumari wenyewe una historia inayofaa kuelezwa. Shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 huko Richland, katika jimbo la Washington nchini Marekani, lilibuni msumari unaoweza kuwekwa bila mashine ya eksirei inayotumika wakati wa upasuaji, kifaa ambacho hospitali nyingi za nchi zetu hazina. Maana yake ni kwamba kazi hii si lazima ifanyike katika hospitali moja ya taifa. Kitaalamu inawezekana hata mkoani, akiwapo daktari aliyefunzwa.

Basi tuseme yote yamekwenda vizuri: mgonjwa amechomwa sindano mapema, amepasuliwa, mfupa umenyooka. Anaruhusiwa. Anarudi Kiromo au Mlingotini na magongo mawili, picha ya eksirei ndani ya bahasha na tarehe ya kliniki. Ni hapa mfumo unapomwacha mkono.

Mguu usiotumika hudhoofika kwa kasi ya kushangaza. Misuli ya paja husinyaa ndani ya wiki mbili au tatu, goti hukakamaa, kifundo hushuka na kisigino hakigusi tena ardhi. Mfupa unaweza kuunga barabara na mtu akabaki mlemavu kwa sababu goti halikunji. Kinachozuia hayo ni mazoezi ya kila siku yanayosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia: kukaza paja mguu ukiwa umenyooshwa, kuukunja na kuukunjua mguu kidogo kidogo, kisha kuanza kuukanyagia kwa kiwango anachokiruhusu daktari. Mgonjwa aliyewekewa msumari mara nyingi huruhusiwa kukanyaga mapema, lakini wengi hawafanyi hivyo, kwa kuwa wanaogopa chuma kitakatika na hakuna aliyewaeleza kinyume chake. Hupumzisha mguu miezi mitatu wakidhani wanautunza.

Mtaalamu huyo yuko wapi? Kwa miaka mingi mafunzo ya fani hii nchini yalitegemea zaidi chuo kilichopo KCMC, Moshi, na wahitimu wake wengi huishia katika hospitali kubwa. Anayekaa Mlingotini akitaka kumwona mara mbili kwa wiki anahitaji nauli kwenda na kurudi, mtu wa kumsindikiza, na nguvu ya kupanda daladala kwa magongo. Wiki ya tatu anaacha.

Pengo hilo hujazwa na mganga wa mifupa wa kijijini, na tusimbeze kwa pupa. Yuko karibu, anapita nyumbani kila siku, anaongea na mama wa mgonjwa, na malipo yake yanajadilika. Hayo ndiyo hospitali imeshindwa kuyatoa. Lakini fito zilizokazwa mno juu ya mguu unaovimba zimekwisha kuwagharimu watu miguu, na kidonda cha mfupa hakiponi kwa majani. Ingekuwa busara halmashauri ziwafundishe waganga hawa mambo mawili tu: wasiguse mguu uliotoboka, na wasikaze kamba hadi vidole vikapoa.

Habari ya goti inafanana na hiyo, ila hufichika zaidi kwa sababu mara nyingi hakuna damu. Kijana anageuka ghafla kwenye uwanja wa mchanga, anasikia mlio ndani ya goti, na kabla ya magharibi goti limejaa. Wanafunzi wa ngoma na sarakasi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) nao kazi yao yote iko magotini. Goti linalovimba ndani ya saa chache mara nyingi limevuja damu kwa ndani, na ligamenti, yaani kamba inayolifunga paja na muundi, huenda imekatika. Desturi yetu ni kulichua kwa maji ya moto usiku huo huo. Ndilo kosa, joto na kuchua katika siku za mwanzo huongeza kuvuja kwa damu. Linalotakiwa ni barafu iliyofungwa katika kitambaa, bandeji, na mguu kuinuliwa juu, na katika mji wa samaki barafu haikosekani.

Asiyeweza kupiga hatua nne, asiyeweza kukunja goti hadi pembe mraba, au mwenye umri wa miaka 55 na zaidi, apigwe picha kuona kama mfupa umevunjika. Wengine wanaweza kuanza kwa mazoezi, ingawa goti linalolegea au kujifunga lionwe na bingwa.

Muda ni mrefu hata kwa wenye kila kitu. Beki wa Liverpool, Virgil van Dijk, aliumia ligamenti ya goti Oktoba 2020 na hakurudi katika mechi za ligi hadi Agosti 2021. Kwetu, mwanasiasa Tundu Lissu, aliyepigwa risasi Dodoma Septemba 7, 2017, alifanyiwa operesheni nyingi Nairobi na Ubelgiji, na aliporejea nchini Julai 2020 alikuwa bado anachechemea.

Tofauti yao na dereva wa bodaboda wa Mapinga ni nani anayelipa. Bima ya mtu wa tatu, ambayo kisheria kila chombo cha moto lazima kiwe nayo, haimfidii dereva mwenyewe aliyesababisha ajali. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ni wa walioajiriwa, na yeye hana mwajiri. Pikipiki ni ya tajiri ambaye kesho atampa mwingine. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Kwa majeruhi wa aina hii, kipimo chake hakitakuwa kama inalipia upasuaji pekee, bali kama inalipia vikao 20 au 30 vya mazoezi karibu na nyumbani, na magongo, na nauli ya rufaa.

Mei 2023, Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama kuingiza huduma za utengamao katika ngazi zote za afya, ikiwemo ya msingi. Kwa Pwani, ngazi ya msingi ni zahanati za pembezoni mwa lami.

Na lami inaongezeka. Kilomita 64 za Bagamoyo hadi Msata zilishaunganisha mji huu na barabara kuu ya kaskazini. Barabara ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga, yenye urefu wa kilomita 256, imekuwa ikijengwa kwa awamu, na itapita katika vijiji ambavyo hadi jana vilijua mwendo wa baiskeli. Bodaboda zitafuata lami hiyo wiki ile ile itakapokauka. Katika vijiji hivyo, hospitali ya kupasua mguu iko mbali kuliko ilivyo kwa mtu wa Kerege, na mtaalamu wa mazoezi yuko mbali zaidi ya hapo.