MASHAURI YA NYUMBANI: Maji Ndani ya Mafuta ya Motakaa

Mwezi huu twanena habari za motakaa. Katika vijiji vingi vya Ugogo gari moja tu ndilo limchukualo mgonjwa usiku mpaka hospitali ya Mvumi au mjini Dodoma. Nalo likifa njiani, hasara si ya mwenyewe peke yake.

Basi kabla ya safari chomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, ukitazame. Mafuta mapya yana rangi ya asali, nayo yakiisha kutumika huwa meusi. Bali ukiona rangi ya chai ya maziwa, mazito kama uji, jua ya kuwa maji yameingia. Ukiwa na shaka, dondosha tone moja juu ya kipande cha bati kilichopashwa moto, mbali na petroli na mbali na watoto: mafuta matupu hutulia, lakini yenye maji hulialia na kurukaruka.

Wengi hapo humwaga mafuta, wakatia mapya, wakafurahi. Baada ya juma moja rangi ile imerudi, maana hawakuuliza maji yametoka wapi.

Pengine ni jambo dogo. Petroli ikiungua huzaa maji, lita moja ya petroli kwa karibu lita moja ya maji, nayo hutoka kwa ekzosi kama mvuke. Sehemu kidogo hupenya kando ya pistoni na kushukia mafuta. Injini ikipata moto wa kutosha, mvuke huo hutoka tena; lakini mwalimu aendeshaye dakika 5 tu mpaka shuleni, katika asubuhi za baridi za Juni na Julai, injini yake haipati moto. Ataona povu jeupe chini ya kifuniko cha kutilia mafuta, na kijiti ni safi. Huyu asiogope, na aende safari ya nusu saa au zaidi, povu litakwisha.

Makorongo nayo, yaliyo makavu miezi mingi, hujaa ghafula wakati wa mvua, Desemba mpaka Aprili. Gari likizimika ndani ya maji, usiliwashe. Pistoni haiwezi kuyabana maji kama ibanavyo hewa, na vyuma vitapinda. Livutwe kwa kamba mpaka kwa fundi.

Lakini liko jambo baya kuliko hayo, nalo latuhusu sana sisi wa nchi hii. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na chokaa; kila mama ameona ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko uo huo huziba rejeta, injini ikachemka. Tena Dodoma i juu ya bahari mita zipatazo 1,100, na maji yaliyo wazi huchemka hapa kwa nyuzi 96 hivi, si 100. Kwa hiyo kifuniko cha rejeta kilicholegea huleta hatari upesi. Injini ikichemka mara kwa mara, kichwa cha silinda hupinda, gasketi huungua, na maji ya rejeta huingia katika mafuta. Dalili zake ni hizi: rejeta yapungua wala hapaonekani pavujapo, na moshi mweupe hauishi hata injini ikiwa ya moto. Hapo zima, usiwashe tena. Mafuta yenye maji hayakingi chuma. Beringi zitasagika, na kazi ya gasketi itakuwa kazi ya injini nzima.

Fundi na afungue kichwa, akipime kwa rula ya chuma, abadili gasketi. Kisha amwage mafuta, abadili na chujio, atie mafuta ya bei nafuu, awashe dakika chache, amwage tena, mpaka yatoke safi. Rejeta isafishwe na kutiwa dawa yake pamoja na maji yasiyo na chumvi.

Wako wamwagao mafuta yale asubuhi, wakatia mapya, na jioni wakamwuzia ndugu asiyejua. Huo ni wizi, na mzee wa kanisa afanyaye hivyo aambiwe waziwazi.

Mafuta machafu usiyamwage korongoni, maana katika mchanga ule ndimo wanawake wachimbamo maji ya kunywa wakati wa kiangazi. Yatie katika debe lenye kifuniko, umpelekee fundi.