Umesahau paswadi ya kompyuta? Usikimbilie fundi

Kompyuta ya duka ikikataa paswadi, wengi wetu, Kitale au Bungoma, huibeba mbio kwa fundi. Sisi tunasema ngoja kwanza. Fundi mwingine hufuta kila kitu, na hesabu za deni zikaenda hivyo.

Kama unaingia Windows kwa akaunti ya Microsoft, waweza kubadilisha paswadi kwa simu, kisha uwashie kompyuta intaneti. Msimbo hutumwa kwa nambari uliyosajili. Shida ndiyo hiyo: ile laini uliitupa zamani, siku hizi huenda ni ya mtu mwingine! Sajili mpya leo, kabla hujakwama.

Na fundi akikuomba PIN ya pesa, beba kompyuta yako uondoke. PIN hiyo haifungui kompyuta yoyote.