Kiapo Kilichowafukuza Wakweli

Mtu anapoajiriwa kufundisha, mwajiri ana haki ya kumwuliza mengi: amesoma wapi, anajua nini, na je, ni mtu wa kukabidhiwa watoto wa watu? Matatizo huanza pale dola inapomtaka, kabla hajashika chaki, aape kuwa hana mafungamano na kundi fulani wala fikra fulani. Yaliyotokea California, Marekani, katika nchi inayojinasibu na uhuru wa dhamiri, yanaonesha bayana ni nani hasa anayenaswa na mtego huo.

Mwaka 1949, hofu ya ukomunisti ikiwa imetanda, baraza la wakuu wa Chuo Kikuu cha California liliwataka walimu waape kwamba wao si wanachama wa Chama cha Kikomunisti. Wengi waliweka saini, baadhi kwa kuridhika, baadhi kwa kuhofia riziki za watoto wao. Agosti 1950, kwa kura 12 dhidi ya 10, walimu 31 waliokataa wakafukuzwa. Ajabu ni kuwa hapana hata mmoja kati yao aliyethibitishwa kuwa Mkomunisti. Miongoni mwao alikuwemo Ernst Kantorowicz, bingwa wa historia ya zama za kati, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1938. Bwana huyu, katika ujana wake, alishika silaha kupigana na Wakomunisti huko kwao! Alikataa kwa sababu alikwishaona jinsi kiapo kinachoanza kikiwa chepesi machoni pa watu kinavyoandaa njia ya kiapo kizito.

Sasa tujaalie kuwa mmoja wa walimu wale kweli alikusudia kuihujumu dola. Angefanya nini siku ya kiapo? Angeweka saini asubuhi, na jioni akaendelea na shughuli zake. Mwongo hana anachopoteza. Aliyekwama ni yule anayeona kuwa neno likishatoka kinywani linamfunga.

Sisi tunaosomesha mlango wa viapo katika fiqhi tunajua kuwa wanachuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi, wameona kiapo cha aliyelazimishwa hakimfungi, ilhali Mahanafi wameona kinamfunga. Je, kutishiwa ugali wa nyumbani ni kulazimishwa? Wanafunzi wetu hubishana hapo hadi adhana. Lakini hata asiyejua fiqhi atauliza: dola inapata amana gani katika saini iliyopatikana kwa njia hiyo?

Hatusemi kila kiapo ni dhulma. Hakimu anayeapa kuhukumu kwa uadilifu anaahidi kuitekeleza kazi aliyopewa, na akihini, kitendo chake kitaonekana na ataadhibiwa. Mwalimu wa hisabati akitakiwa kukana chama, anaulizwa jambo lisilohusiana na hisabati.

Mwaka 1952 mahakama ya juu ya jimbo iliamuru walimu wale warejeshwe. Kwa hoja gani? Si kwamba dhamiri zao zimeonewa, bali kwamba tangu 1950 jimbo lilikuwa na sheria ya kiapo kwa watumishi wake wote, hivyo chuo hakikuwa na mamlaka ya kuongeza chake. Wakatakiwa waape hicho cha jimbo! Ikapita miaka 15 ndipo, mwaka 1967, mahakama hiyohiyo ilipokibatilisha kipengele cha kukana vyama. Kikabaki kile cha kuahidi kuitetea katiba dhidi ya maadui wote, wa nje na wa ndani.

Watu wengi husema hicho hakina ubaya. Basi na watazame yaliyojiri mwaka 2008. Mwalimu mmoja wa hisabati katika chuo kikuu cha umma cha jimbo hilo, mfuasi wa Waquaker, madhehebu ya Kikristo yanayopinga vita, aliongeza katika fomu yake neno moja tu lenye maana ya "bila ya mabavu", kisha akasaini. Akafukuzwa. Baada ya watu kupiga kelele akarejeshwa, akaelezwa kwa maandishi kuwa kiapo kile hakimlazimishi kushika silaha. Lau angesaini kimya kimya, huku akijua moyoni kuwa hatakitekeleza, asingeulizwa na mtu.